Aliyesimama Pembeni Kwenye Picha

Sogeeni, wanangu, nyote wawili, na wewe mkwe wangu acha vyombo uje uketi, maana sauti niliyo nayo leo ni ya kuazima na mwenyewe anaweza kuidai wakati wowote. Msinitazame kwa macho ya msibani. Nimekula chumvi nyingi, niliolewa na mtu niliyempenda, nikazaa, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Na mtu anayeondoka karamuni akiwa ameshiba haliliwi mlangoni.

Nianze na mali, ipite. Nyumba hii ni yenu nyote wawili. Vitanda na vyombo ni vya mkwe wangu, aliyeniogesha bila kukunja uso, na asije mtu akamhesabia vijiko. Yule mshonaji wa jirani, tuliyenuniana tangu alipodai kwamba katika picha nilimwongezea pua, mwambieni nimemsamehe. Pua ni yake, lakini nimemsamehe. Imebaki studio hapo mbele, pamoja na kamera ya baba yenu ya miguu mitatu, na hapo ndipo penye mfupa.

Kifunguamimba wangu, juzi ulisema mbele ya ndugu yako kwamba hutaki hata msumari wa studio ile, na kwamba nikishafukiwa hutakanyaga tena hapa. Mdogo wako Chiriku, kinyozi ambaye hajafunga mdomo tangu azaliwe, siku hiyo aliufunga. Nilipokuuliza kisa, ulinyoosha kidole ukutani, kwenye picha ya baba yenu na ninyi wawili. Ukasema, "Mama, picha haidanganyi. Yeye kashikwa kifuani, mimi nimesimama pembeni kama mtoto wa jirani." Kumbe umeishi na mwiba huo tangu utoto, na mimi mama yako nafuta vumbi kwenye kioo kilekile, sina habari! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chako kilikuwa ukutani kwetu.

Basi sikilizeni. Baba yenu alikuwa na sharti ambalo wateja walilicheka mjini kote: hakumkabidhi mtu picha mpaka ataje anachokiona humo, kitu kwa kitu, kabla hajasema maana yake. Alisema macho ni mashahidi na moyo ni hakimu, na hakimu anayehukumu kabla mashahidi hawajasema huwafunga wasio na hatia. Siku moja alikuja kijana mmoja, fundi wa kupaka rangi, ameshika picha ya uchumba wake, anataka kuvunja posho, sijui posa, ulimi wangu unateleza sasa, posa. Alidai picha imemfumbua macho, mchumba hampendi, tazama alivyokaza midomo na kuangalia chini. Baba yenu akampa kiti, akamwambia taja. Kijana akataja kofia, akataja maua ya karatasi, akataja gauni, akashuka mpaka kwenye viatu, akaisogeza picha karibu na macho. Kiatu chake mwenyewe kilikuwa kimekanyaga pindo la gauni la binti wa watu. Maskini alikuwa anavumilia picha iishe! Wale wawili wana wajukuu leo, na mzee bado akikaa karibu na mkewe huangalia kwanza alipoweka miguu.

Sasa, Chiriku, itungue picha hiyo umpe kaka yako. Mpe, wala usiongeze neno. Na wewe mwanangu, kaa karibu na dirisha, utaje. Usiniambie nani alimpenda nani. Niambie kilichomo.

Baba, ndiyo. Amechuchumaa, mkono wake umemzunguka Chiriku. Uso wa Chiriku ukoje? Hauonekani, umekuwa kama moshi. Sema tu, hatakasirika, aligeuka kumfuata nzi, na baba yako alimkamata hivyo kwa sababu alikwishakimbia mara nyingi mpaka tukachoka. Endelea. Macho ya baba yako yanatazama wapi? Hayatazami kamera. Yanakutazama wewe. Mashavu yake je? Yamejaa, eeh. Ulidhani amekasirika. Mtu aliyekasirika hukunja paji la uso. Huyo hapo paji lake ni laini kama yai. Shuka kwako sasa. Mkono wako wa kushoto umeshika suruali. Na wa kulia? Umefumba ngumi. Na chini ya ngumi?

Ufa wa sakafu, unasema. Haya, wewe ni seremala, umeziba nyufa za nyumba nyingi. Lini umeona ufa ukapanda mguu wa mtoto mpaka kiganjani?

Pole pole. Ufuate kwa kidole. Unashuka kwenye suruali, unapita sakafuni, unaelekea mbele ya picha, unatoka kwenye ukingo. Ni bomba, mwanangu. Bomba jembamba la mpira lililokwenda mpaka kwenye kamera, na humo ngumini kuna kile kipira cha kubinya ili kamera ipige. Hukuwa umetupwa pembeni. Bomba ndipo lilipofika.

Mimi nilikuwa nje ya picha, nimeshika shuka jeupe la kurudisha mwanga. Ulikuwa hujaanza shule, umelia asubuhi nzima unataka kazi ya baba. Akakuwekea kipira mkononi, akakuambia, "Leo fundi ni wewe. Ukiona tumependeza, binya." Ukatutazama weee, umekaza uso kama hakimu, hubinyi, na baba yako anazuia kicheko mpaka mashavu yanataka kupasuka. Ndipo ukabinya. Nilisema turudie, mtoto mmoja amegeuka moshi. Akakataa katakata, akasema kazi ya fundi hairudiwi. Alikuwa na picha nzuri masanduku kwa masanduku, lakini ukuta ule aliupa hiyo mbovu, akafariki mwaka uleule. Mimi nilidhani unajua. Nani humsimulia bwana harusi harusi yake?

Chiriku, mwache alie, machozi hayo ni ya kuoga. Hata wewe unacheka na kulia pamoja, haya, mnachekesha.

Maji kidogo, mkwe wangu. Ahsante.

Mkinizika, msifunge studio kwa ajili yangu zaidi ya siku tatu... watu wana harusi zao. Msichague picha yangu ya kununa, iko moja nimefungua mdomo wote, wekeni hiyo. Na kamera... umesema nini? Sema tena, masikio yanakwenda. Unauliza ufunguo wa studio? Uko hapa, chini ya mto. Ingiza mkono mwenyewe, mimi siwezi. Eeh. Chiriku ataweka kiti chake cha kunyolea upande mmoja, wewe na kamera upande wa pili... mtapatana wenyewe juu ya rangi ya kuta.

Mungu awape mikono yenye kazi... na nyumba zenye kelele. Awape watoto watakaowachosha. Radhi yangu mnayo, nyote, yote... sikubakiza.

Nataka kulala kidogo. Msinong'one... Ongeeni tu hivyo hivyo, kwa sauti... nisikie.