Mama Alhamisi na Barua Isiyo Yake

Baada ya miaka thelathini na miwili na miezi mitatu ya utumishi, Mama Alhamisi wa chumba cha seva anastaafu tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni. Tunaomjua tunakadiria atatoka saa kumi na moja, maana lazima kwanza ahakikishe kwamba mlango aliofunga unafunguka. Katika miaka yote hiyo, jalada lake liliingia barua moja tu ya onyo. Mimi, fundi mwenzake wa miaka kumi na saba, naandika wasifu huu ili kumuaga, na pia kueleza kwa nini barua hiyo haikuwa yake.

Aliingia hospitalini akiwa mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliikwepa. Yeye aliivutia kiti, na vidole vyake havikuwahi kuambiwa kwamba mashine ya chapa imeshaondoka. Kibodi kumi na moja zimestaafu kabla yake. Kipanya chake alikigawa mapokezi siku ileile alipokabidhiwa, kwa kuwa kazi zote alizifanya kwenye dirisha jeusi, kwa amri alizoandika herufi kwa herufi.

Kwa wasomaji wa wodini na jikoni: ndani ya seva yetu moja kubwa zimo kompyuta ishirini na mbili zisizo na mwili, tunaziita mashine pepe. Kuna ya maabara, ya famasia, ya kliniki ya wajawazito, na kila moja inajidhania ina nyumba yake. Kila usiku amri moja huzichukulia nakala na kuzipeleka jengo la pili. Mafundi wengi huishia hapo, wakalala fofofo.

Watu husema akiba haiozi. Mama Alhamisi husema huoza, tena kimyakimya, na ukitaka kujua ifungue. Kwa hiyo kila Alhamisi asubuhi alichagua nakala moja, akairudisha pembeni kama mashine mpya, akaiwasha, akaandikisha ndani yake mgonjwa wa kubuni aone kama inafanya kazi. Kwenye kliniki ya wajawazito mgonjwa huyo alikuwa na mimba ya miezi kumi na minne, na malalamiko yake yalikuwa kuchoka kusubiri. Mkurugenzi wa wakati ule aliuita mtindo huo kupoteza muda. Mume wa Mama Alhamisi, fundi cherehani, anatueleza kwamba hata nyumbani ufunguo wa akiba hujaribiwa kila wiki.

Alhamisi moja, miaka tisa iliyopita, saa nne asubuhi, alinyanyuka kwenda kunywa chai akaniachia kiti chake, nifute mashine ya majaribio ya siku hiyo, nakala ya kliniki ya wajawazito. Nilikuwa na miaka minane kazini, hivyo ugeni siwezi kuusingizia. Mashine ya kweli ya kliniki ilikuwa namba 14, ya majaribio 914. Niliandika amri ya kufuta nikasahau ile tisa. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika.

Hazikupita dakika mbili, simu ikalia. Muuguzi mkuu wa kliniki alitaka kujua kwa nini akina mama wote wamepotea, ilhali anawaona wamekaa kwenye benchi. Wawili kati yao walikuwa wakiandaliwa kwa upasuaji, na taarifa zao za damu zilikuwa ndani ya mashine niliyoifuta. Nilikimbia hadi chumba cha chai, na waliokuwepo wanasema nilichotamka hakikuwa lugha yoyote.

Mama Alhamisi alimeza funda lake la mwisho, akaja, akaketi. Nilipendekeza tutumie ile 914. Akakataa, hakutaka madaktari wa upasuaji wakutane na yule wa miezi kumi na minne. Aliandika amri moja ya kurudisha nakala safi, akaisoma mara mbili, akabonyeza. Baada ya dakika thelathini na nane kliniki ilikuwa hewani. Nakala ilikuwa ya usiku, kwa hiyo akina mama arobaini na mmoja walioandikishwa asubuhi hawakuwamo. Alinipa daftari, tukapita benchi kwa benchi. Mama mmoja aliniuliza kama nimeshamsahau mara hii. Alasiri hiyo watoto wawili walizaliwa salama.

Kumbukumbu za seva zilionyesha jina lake, kwa kuwa nilikuwa kwenye kiti chake, na mkurugenzi akamwandikia barua. Mkataba wangu mpya ulikuwa mezani ukisubiri sahihi, na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilipoinuka kwenda kukiri, Mama Alhamisi alinishika mkono.

“Kaa chini, mdogo wangu. Wewe umeshafuta, hutafuta tena. Wakikufukuza, wataniletea ambaye bado hajafuta.”

Nilikaa. Barua hiyo ilimnyima ukuu wa kitengo mara mbili, nami nikaendelea kukaa. Nimeona aibu miaka yote tisa.

Wiki iliyopita nilikwenda ofisi ya utumishi, nikaandika maelezo yangu, nikasaini. Mkurugenzi wa sasa ameiondoa barua ile, na jalada la Mama Alhamisi ni safi. Onyo limehamia kwangu, na nimelipokea kwa mikono miwili. Mwenyewe alipoambiwa alivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu wake ulivyohitaji. Kisha akauliza kama kuna aliyehifadhi nakala.

Dada yetu, asante kwa kazi, na asante kwa mzigo uliobeba usio wako. Ukaishi vizuri, ule kwa wakati, ulale hata mchana. Yule mgonjwa wako tutamtunza mpaka ajifungue.