Mama Judica na Karatasi Zisizobanduliwa

Maretadu, Ijumaa, tarehe 5 Desemba 2025. Naahidi kusema yote, pamoja na yanayoniaibisha, kwa sababu anayeagwa hapa ni mtu ambaye kwa miaka ishirini na tisa hakuficha kosa hata moja, liwe lake au langu.

Mama Judica Qamara, mtunza kumbukumbu wa Shirika la Taa ya Bonde, anastaafu tarehe 31 mwezi huu. Shirika letu ni la hisani, na linaendesha bweni la wasichana wanaosoma sekondari mbali na nyumbani. Kila Januari Mama Judica hubandika kwenye ubao ulio nje ya ofisi majina ya wote walioomba nafasi, waliopata na waliokosa, na sababu ya kila mmoja. Mwananchi yeyote ana siku saba za kupinga. Safari hii hatujui nani atabandika, wala kama kuna kitakachobandikwa. Imependekezwa kikaoni kwamba wazazi watumiwe ujumbe wa simu tu, amepata au hakupata, na sababu zibaki kabatini. Natangaza mapema kwamba mdogo wangu Monica ameomba nafasi, hivyo msomaji anisome kwa tahadhari.

Kazi ya kuandika wasifu huu nilipewa na meneja, Bwana Urban, kwa kuwa niko Kidato cha Tatu, naishi bwenini, na niliongoza darasa kwa insha. Watumishi wenyewe walisema wana shughuli. "Ukurasa mmoja, Fransiska, na uwe wa furaha," aliniambia. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa sita, na hadi ukurasa wa tatu Mama Judica alikuwa bado hajazaliwa.

Alizaliwa Nangwa, na alikuja kwetu mwaka 1996 kama karani wa muda wa miezi mitatu, apange mafaili. Hakuna aliyemwambia kwamba miezi mitatu imekwisha. Mwaka wake wa pili aliomba ubao, akapewa mlango wa zamani wa stoo. Alibandika matangazo kwa uji wa unga wa ngano, na mbuzi wakaupenda sana uji huo. Tangazo la mkutano mkuu lililiwa lote, ikabaki tarehe. Ubao ukapandishwa juu. Wanawake wafupi wakalalamika kwamba sasa shirika linawabandikia warefu peke yao, naye akajengesha ngazi ya saruji chini yake. Ngazi ipo hadi leo, na watoto huikalia wakisubiri mama zao.

Sasa naja kwenye aibu yangu. Januari 2024 nilijitolea kunakili orodha kwenye karatasi ya manila, maana nilijisifu kwamba mwandiko wangu unasomeka hata kutoka barabarani. Ulisomeka kweli. Ila rula iliteleza kwenye mstari wa tatu, nikairuka sababu moja, na kuanzia hapo kila msichana akapewa sababu ya mwenzake aliye chini yake. Jina la mwisho likabaki bila sababu. Kwa kuwa sipendi nafasi tupu, niliandika "kama hapo juu".

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Mzee Akonaay ana ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote wa upande ule, na mjukuu wake alikuwa amekosa nafasi. Mbele ya jina lake palisomeka kwamba kwao hakuna mfugo wowote.

"Shikamoo, mzee. Pole sana," vijana walimwambia. "Wamekufa lini wote?"

Kabla ya saa sita akina mama wa kwaya walikuwa wamempelekea debe la mahindi. Alikuja nalo ofisini. "Nimepewa pole tangu asubuhi," alisema. "Nataka kumjua aliyeua ng'ombe wangu." Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kabati. Ni kabati jembamba.

Zito zaidi ni kwamba msichana mmoja aliyepata nafasi alisomeka kuwa kwao ni dakika kumi kutoka shuleni. Watu walianza kusema kwamba shirika linabeba ndugu wa watumishi. Bwana Urban alitaka karatasi ing'olewe mara moja, na mimi niliunga mkono kwa moyo wote.

Mama Judica alikataa. "Ukiing'oa, watu wataondoka na hiyo hiyo kichwani," alisema. "Iache, uweke ya pili pembeni, wasome zote mbili." Aliandika orodha sahihi, na juu yake maneno: Tumekosea. Mtunza kumbukumbu hakuhakiki. Mwandishi ameelekezwa namna ya kutumia rula. Niliomba jina langu lisitajwe. Hakulitaja, lakini haikusaidia, kwa sababu mwandiko wangu ndio niliokuwa nimeutangaza. Karatasi zote mbili zilikaa ubaoni siku thelathini. Shuleni naitwa Kama Hapo Juu mpaka leo.

Lakini kwa kuwa zilikuwa mbili, watu walisimama kuzilinganisha. Mama mmoja wa Masieda, Benedikta, alipanda ngazi akasoma taratibu kwa kidole. Binti yake Rogathe alikuwa amekosa kwa sababu iliyoandikwa kuwa anatembea dakika arobaini tu.

"Mama Judica, hizi dakika arobaini ni za miguu ya nani?" aliuliza.

Mama Judica alifungua daftari lake, akausoma ukurasa wa Masieda. Siku ya kupima njia hiyo alikuwa anaumwa goti, akaenda kwa pikipiki ya shirika. Alfajiri iliyofuata alipelekwa Masieda, akarudi kwa miguu pamoja na Rogathe. Walitumia saa mbili na dakika hamsini, na alifika ameshika viatu mkononi. Karatasi ya tatu ilisema: Tumekosea tena. Muda ulipimwa kwa pikipiki. Mtoto hana pikipiki. Rogathe alipata kitanda kilicho jirani na changu. Anakoroma, ila siandiki hilo kama pingamizi.

Bwana Urban anasema ubao unaleta kelele. Ni kweli, na nyingi nimezileta mimi. Lakini najiuliza Mama Benedikta angefanya nini na ujumbe wa neno moja. Angeusoma, angezima simu, na Rogathe angeendelea kutembea. Sijui kama Monica anastahili nafasi. Mwaka huu shangazi yetu amehamia karibu na shule, na ana chumba. Monica akikosa, nataka asome kwa nini. Akipata, nataka majirani wasome kwa nini, na wapinge wakiwa na la kupinga. Sentensi hiyo ya mwisho niliifuta mara mbili kabla ya kuiacha.

Kwa niaba ya wasichana wa bweni na watumishi wenye shughuli, shikamoo Mama Judica, na asante. Umetufundisha kusema tumekosea bila kufa. Tunakuombea pumziko refu huko Nangwa, maharage yanayozaa vizuri, na wageni wanaopiga hodi kwa salamu tu.

Orodha inatakiwa kutoka Jumamosi, tarehe 10 Januari. Siku hiyo hutakuwa mtumishi tena. Utakuwa mwananchi kama sisi, mwenye haki ya kuingia ofisini na kuuliza sababu ziko wapi. Mimi nimeshaamua kwenda, ingawa lile kabati bado lipo. Naomba unijibu kabla ya sherehe ya Ijumaa ijayo: nitangulie mimi kuuliza, au unatangulia wewe?