Elinipendo na Mabakuli ya Alhamisi

Wote mnaosimulia habari ya Elinipendo mnaisimulia vibaya. Nimekaa getini hapa, mlinzi, miaka ishirini na sita nawasikiliza, na kila mwaka inazidi kuharibika. Basi leo nasimulia mimi, kama ninavyoongea, maana shule niliacha darasa la pili baada ya mwalimu kuona ameishiwa vya kunifundisha.

Elinipendo, huyu tunayemwita Mama Magreth, amepika kwenye kituo chetu cha afya hapa Old Moshi miaka thelathini na miwili. Aliingia Julai 1993, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025. Hayo ni ya kweli, yako kwenye faili. Kibaya ni kile mnachonong'ona kwenye foleni ya dawa, kwamba kaka yangu Wilson aliuawa na chakula cha jikoni kwa mama huyu. Na kwenye hilo faili ipo barua ya onyo inayosema karibu hivyo hivyo. Ataondoka nayo. Ndiyo maana nina hasira, na kama ulifungua kijarida hiki cha kumuaga kutafuta shairi la pongezi, geuza ukurasa, liko nyuma karibu na picha ya keki.

Keki, ndiyo. Kamati imeagiza keki ya ghorofa tatu na kreti kumi na mbili za soda, kumuaga mwanamke aliyegombana na sukari maisha yake yote. Niliuliza, nikajibiwa, "Sasa Mzee Aikaeli, mgeni utampa maji?" Kwani maji yamewakosea nini? Mlima mzima unatuletea maji bure, na nyinyi mnaona aibu kumpa mgeni.

Turudi kwa Elinipendo. Alhamisi hapa ni siku ya wagonjwa wa sukari. Zamani walikuwa wanapewa karatasi imeandikwa "kula kwa kiasi", wanaitia mfukoni, wanaenda zao. Yeye alikuwa mpishi tu wa wodini, hakuna aliyemtuma, lakini alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza, kiasi cha nani? Huku juu kiasi ni ndizi kumi na mbili, na mtori wa kusindikizia. Akaweka sheria yake. Kila mgonjwa aje na bakuli lake la nyumbani, lile lile analolia. Yeye analijaza mbele yako: nusu mnafu au majani ya maboga, robo ndizi au ugali, robo maharage au nyama. Kisha anatoa rangi ya kucha nyekundu, anachora mistari ndani ya bakuli. "Ukivuka mstari," anakwambia, "umevuka peke yako."

Barabara ya kwetu ikawa kila Alhamisi watu wanapanda na mabakuli kama wanaenda kuomba supu. Watu wa juu walicheka sana. Baadhi yao hawacheki tena, wamelala migombani.

Sisi wanaume tulijaribu kumdanganya. Mzee Kastori alikuja na kisosi cha chai. Elinipendo akakiangalia kisosi, akaliangalia tumbo, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, meku, mzee wangu. Hili tumbo limejengwa na hicho?" Jumapili yake akaenda mwenyewe mpaka kwa Kastori, akashuka na sinia analolia limekaa kichwani, mbele ya kanisa, watu wanatoka ibadani. Kastori nyuma yake anabembeleza, "Mama Magreth, angalau lifunike kanga." Leo Kastori ana miaka themanini na minne na sinia lake lina mistari mpaka pembeni.

Mimi mwenyewe nina sukari tangu 2003. Miaka ishirini na miwili, na vidole vyote kumi vya miguu ninavyo. Anayebisha aje getini nivue viatu, ila asimame mbali kidogo. Mimi si mtu wa kuyumba. Enzi za upagazi nilipandisha mtungi wa gesi na Mzungu aliyechoka kwa safari moja mpaka kambi ya pili. Mashahidi wangu wamekufa wote, walikuwa hawali mboga.

Sasa sikilizeni habari ya pipa, maana hapo ndipo mnapoboronga kabisa.

Mwaka 2008 ukutani kliniki kulikuwa na karatasi ya vyakula. Ilisema uji wa ulezi usiotiwa sukari unafaa, na ndizi zinafaa kwa kiasi. Wilson alijua kusoma, na hilo ndilo lililomponza. Akafikiri. Ulezi, halafu ndizi. Ukiviweka pamoja unapata nini? Kila mtoto wa huku anajua unapata mbege, pombe yetu. Akatuambia, "Daktari ameandika mbege, ila ameona aibu kuitaja." Tukaona ana akili. Tulikuwa watano, wote wagonjwa wa Alhamisi, na mimi nimo. Kila asubuhi tunakutana kwenye pipa la mbege kihambani kwa Wilson, kwenye migomba yake, kata ya kunywea inazunguka, mkubwa anaonja kwanza kama inavyotakiwa, na mtu akipita kuuliza tunamwambia tunakunywa dawa. Sukari zetu zilipanda mpaka nesi akabadilisha betri za mashine mara mbili.

Nyinyi mnasema Elinipendo alikuja akalipiga pipa teke, akatuchapa na mwiko. Uongo mtupu. Alikuja, akatuamkia mmoja mmoja, shikamoo tano, akavuta kigoda akakaa. Akatoa mashine ya kupimia mfukoni mwa eproni, akatutoboa vidole watano wote. Namba akaziandika kwenye pipa, na ile ile rangi ya kucha. Halafu akasema, "Haya, kunyweni." Tukanywa, tutafanyaje. Yeye akakaa anatumenyea ndizi saa mbili nzima. Akatutoboa tena. Wilson alikuwa na kumi na moja, sasa ana kumi na tisa, na mtu akizidi kumi baada ya kula ameshaharibu. Wote tulipanda. Akaandika namba za pili kando ya zile za kwanza, akainuka, akasema, "Simwagi kitu cha mtu. Pipa ni lenu na namba ni zenu."

Wanne tuliogopa. Tukarudi kwenye mabakuli. Miaka kumi na saba imepita, na kati ya hao wanne watatu tuko hai na tunatembea. Wa nne aligongwa na pikipiki akiwa na miaka themanini, akitoka kanisani kwa miguu yake yote miwili, na hilo msiisingizie sukari. Mnatafuta dawa mpaka Loliondo, kumbe ilikuwa imechorwa ndani ya bakuli.

Wa tano ni Wilson. Yeye alicheka. Alisema, "Mashine ya mama huyu ni mwongo kama mdogo wangu." Akaendelea na kata yake.

Mwaka 2017 jiwe liliingia kwenye gambuti yake, akatembea nalo siku nzima shambani bila kulisikia. Ndivyo sukari inavyofanya, inakuibia maumivu kwanza, halafu inarudi kuchukua mguu. Akalazwa hapa kwetu na kidonda. Elinipendo alimpikia siku kumi na nane, na mimi nilikiona kila chungu: mnafu, maharage, kipande cha ndizi kama kidole gumba. Lakini kila asubuhi sukari kumi na tisa, kila asubuhi ishirini. Sindano zinaongezwa, kidonda kinanuka. Mkubwa wa kituo wa wakati ule, ambaye ameshahama na simtaji, akasema tatizo ni chakula. Akaandika barua ya onyo. Elinipendo aliisoma amesimama pale mlangoni kwa jiko, akaikunja, akaenda kuepua maharage kwa sababu yalikuwa yanaungua.

Wilson akapelekwa mjini, akakatwa mguu chini ya goti. Siku arobaini baadaye tukamzika kihambani.

Sasa ukweli wa sukari ile. Kila jioni, saa za kuona wagonjwa, alikuwa anakuja jamaa mmoja wa Pasua, kule mjini, mwembamba, koti la kijani, ameshika chupa ya chai. Humo ndani hamkuwa na chai. Ilikuwa mbege. Siku kumi na nane, kikombe juu ya kikombe, chini ya shuka. Mjinga yule. Anapita kwa watu anasalimia vizuri, anauliza habari za watoto, na kwapani amebeba kifo cha moto moto. Mtu kama huyo ni mbaya kuliko adui, maana adui unamfungia mlango. Na alikuwa anajua, msiniambie hakujua. Yeye mwenyewe mzima, anakula vizuri, ana miguu yake miwili, halafu anamnywesha mwenzake. Na barua ilipotoka alinyamaza. Alimwacha mama wa watu aibebe miaka minane, akawa anamsalimia kila asubuhi kama hakuna kitu. Mwoga. Mngenipa fimbo na dakika tano naye.

Elinipendo, sisi wenye mabakuli tunakushukuru. Nenda nyumbani Marangu ukaone ng'ombe wako na kahawa yako mchana kwa mara ya kwanza. Upike kidogo, wengine wakupikie. Siku zako ziwe nyingi na miguu yako ikubebe mpaka mwisho. Tunakuombea hivyo wote, hata wale uliowanyang'anya masinia.

Na wewe mkubwa wa kituo wa sasa, itoe ile barua kwenye faili kabla ya tarehe thelathini, uweke karatasi hii mahali pake. Ili uweze kuiweka, inabidi nirekebishe jambo moja.

Hakuna jamaa wa Pasua. Wala koti la kijani hakuna. Wilson alikuwa mkubwa wangu. Alinishika mkono pale kitandani akasema, "Aikaeli, tangu lini unamnyima kaka yako kata?" Kwetu mkubwa hanyimwi, nikamimina. Chupa ilikuwa yangu. Siku niliyoisahau chini ya kitanda, Elinipendo aliifungua, akainusa, akaiosha, akaniletea getini. Alisema, "Mzee, chupa yako." Hajasema lingine mpaka leo.

Yale matusi yote niliyomwandikia yule jamaa hapo juu msiyafute. Wekeni jina langu tu.

Mzee Aikaeli, getini