Nafasi ya Kwanza ya Mzee Yiamat

Mzee Gadiel Yiamat, fundi mitambo mkuu na mtangazaji wa kipindi cha Hatua ya Kwanza, anastaafu rasmi Jumatano tarehe 31 Desemba 2025, baada ya kuitumikia Redio Miteremko kwa miaka thelathini na moja na mwezi mmoja. Aliajiriwa Novemba 1994, wakati kituo chetu hapa Arusha kilikuwa vyumba viwili, mlingoti mmoja na mashine kuukuu za kurekodia zilizotoka kwenye studio ya misheni iliyofungwa. Mlingoti umebadilishwa mara tatu. Mzee hajabadilishwa.

Meneja wetu, Bwana Meshack, amenipa mimi, Zamda Omari wa dawati la matangazo ya vifo na shukrani, kazi ya kuandika wasifu huu. Amenipa kurasa mbili na sharti moja: nisiwalize watu. Kurasa nitajitahidi. Hilo la pili anisamehe, maana anayetaka kicheko hampi kazi mtu wa matangazo ya vifo. Mzee mwenyewe nilimwomba ruhusa, akasema mambo yote yameshatangazwa hewani, niandike tu.

Basi tuanze na sifa zake, na ni nyingi. Mzee Yiamat ni mtoto wa Moshono, na kila asubuhi kwa miaka yote hiyo alifika kazini kabla ya mlinzi kumaliza chai. Amefundisha mafundi tisa, wanne kati yao leo wako Dar es Salaam wanajifanya walizaliwa wanajua. Mvua kubwa za mwaka 1998 zilipokata umeme, alibeba betri ya gari begani kupanda hadi kwenye mlingoti, akafika juu amelowa chapachapa, akagundua nyaya ameziacha ofisini. Akashuka, akazifuata, akapanda tena. Siku hiyo tulirudi hewani saa tisa alasiri na yeye akaugua mafua wiki mbili.

Ana ukali wake pia, tusimpake mafuta. Mwaka 2007, nikiwa bado mgeni, nilimwaga chai juu ya mitambo ya studio namba moja. Hakunigombeza. Alinitazama tu, akachukua kikombe changu, akakiweka koridoni kwenye kistuli. Kistuli kipo mpaka leo na chai yangu hunywewa hapohapo.

Lakini kilichompa jina mjini ni Hatua ya Kwanza. Zile mashine za misheni zilikuja na sanduku la santuri za muziki wa roki, na kwa kuwa hakuna aliyezitaka, alizichukua yeye. Kuanzia mwaka 1997, kila Jumamosi saa nne asubuhi, alizipiga kwa sheria moja isiyovunjwa: kila wimbo lazima utoke kwenye albamu ya kwanza ya bendi husika. Ya pili hata iwe tamu vipi, haipigwi. Alikuwa akisema kwamba kwenye albamu ya kwanza wanamuziki hawajui bado nani atawasikiliza, kwa hiyo hawamwogopi mtu. Baada ya hapo, alisema, wanaanza kuwa waangalifu, na muziki wa mtu mwangalifu yeye haumtoi kwenye kiti.

Mwanzoni watu walipiga simu kuuliza kama redio imeharibika. Mchungaji mmoja aliandika barua kulalamika kuhusu kelele za magitaa, na miezi mitatu baadaye akaandika nyingine, bila jina, kuomba wimbo ule wa tatu urudiwe. Mwandiko ulikuwa uleule. Kisha ikaja ile albamu ya Wamarekani yenye picha ya ndizi kwenye jalada. Mzee alieleza kwamba ilipotoka haikununuliwa na wengi, na leo inahesabiwa miongoni mwa kubwa kabisa. Wasikilizaji wa Akheri, huko Meru kwenye migomba, hayo hawakuyajali. Walichotaka kujua ni ndizi ya aina gani, na mzee mmoja akaandika kurasa mbili kuthibitisha kwamba, kwa maelezo yaliyotolewa hewani, ndizi hiyo haifai kwa supu ya mtori.

Na kila Jumamosi ya mwisho wa mwaka Mzee alisoma orodha ya albamu kumi bora za kwanza katika historia ya roki. Alianza na ya kumi, akashuka taratibu, akafika ya pili. Halafu alisema maneno yaleyale: nafasi ya kwanza ina mwenyewe. Baada ya hapo zilipita sekunde thelathini za ukimya, kisha tukaingia taarifa ya habari.

Kwa kituo cha redio, ukimya wa sekunde thelathini ni kosa la kuandikiwa barua, na Bwana Meshack ameziandika sita. Mzee alizipokea, akasaini, akashukuru. Sisi wa ofisini tulikuwa na nadharia zetu. Mlinzi wetu Shamsudin alisema mzee anasahau. Mimi nilishikilia kuwa kuna mwanamke, na nilimtania hivyo miaka kumi na tisa, kila mwisho wa mwaka, mbele za watu. Leo natamani ningekuwa nimeufunga mdomo wangu.

Tarehe nne ya mwezi huu alikuja kwenye dawati langu, akaketi kwenye kiti cha wafiwa, akanieleza.

Mwaka 1996 Arusha ilikuwa na bendi ya roki inayoitwa Majivu. Vijana watatu. Mwimbaji wao alikuwa Sifael Sumari wa Akheri, mkulima wa kahawa mwenye gitaa, na rafiki kipenzi wa Mzee Yiamat. Kwa Jumapili nne, baada ya ibada, Mzee aliwarekodi hapa kituoni, kuta zikiwa zimefunikwa magodoro na trei za mayai. Zikapatikana nyimbo nane, albamu nzima, wakaiita Mlango wa Uani. Ilikuwa kwenye mkanda mmoja tu, kwa sababu kituo kizima kilikuwa na mikanda kumi na miwili na hakuna wa ziada wa kutolea nakala. Mkanda ulikaa mezani kwa Mzee, tayari kusafirishwa Dar es Salaam kwa basi la Jumatano, ukatengenezwe kaseti.

Jumanne tarehe 13 Agosti gari alilopanda Sifael kupeleka kahawa lilipinduka barabara ya Moshi. Alifariki palepale. Alikuwa na mke, Magreth, na mtoto wa miezi mitatu, Nancy. Kaka yake marehemu alifika kituoni na karatasi ya tangazo la kifo, dakika chache kabla ya matangazo ya saa saba mchana. Siku zile matangazo yalirekodiwa ili yarudiwe jioni na asubuhi, na msomaji alikuwa Mzee mwenyewe. Aliipokea karatasi akaona jina. Analia, saa inakwenda, hana mkanda mtupu. Akanyoosha mkono mezani akachukua uliokuwa karibu, akauweka kwenye mashine ya kufutia. Mashine ile ilifuta mkanda wote kwa sekunde kumi. Kisha akarekodi tangazo.

Alipoutoa mkanda baada ya matangazo ndipo alipouona mwandiko wake kwenye kasha. Alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: MAJIVU, MLANGO WA UANI, USIFUTE.

Tangazo la kifo cha Sifael lilikuwa limekaa pale ilipokuwa sauti ya Sifael.

Mjane alipouliza habari za mkanda baada ya arobaini, Mzee alimwambia umepelekwa Dar na huko umepotea, lakini unatafutwa. Neno hilo la mwisho ndilo lililomfunga. Kila mwaka aliulizwa, kila mwaka akajibu unatafutwa. Alipoanzisha kipindi chake aliona walau nafasi ya kwanza asimpe mtu mwingine.

Akaniambia hawezi kustaafu na kitu hicho. Akaniomba nimsindikize kwenda kusema, kwa sababu mimi nina mdomo. Tukaenda Akheri Jumamosi tarehe sita, baada ya kipindi, na huko mdomo wenyewe haukunifaa kitu.

Mama Nancy alitupokea kwa furaha, akatuletea chai ya maziwa, akimwita Mzee shemeji kila baada ya neno. Redio yake ilikuwa juu ya stuli, imefunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono. Akatwambia kwamba Jumamosi hajaruka hata moja, kwa sababu siku mkanda ukipatikana lazima utapigwa kwenye kile kipindi, na anataka Nancy asikie sauti ya baba yake. Nancy hajawahi kuisikia. Halafu Mzee akatazama bustani yake ya maua pale uani, na mimi nikatazama alikotazama. Ukingo wote wa bustani ulizungushiwa betri za redio zilizokwisha, zimesimamishwa ardhini moja moja, safu juu ya safu. Miaka yote ya kusubiri ilikuwa imepandwa pale.

Mzee alisema yote. Hakujitetea, hakutaja saa saba wala machozi. Alisema tu: "Nilifuta mimi, kisha nikakudanganya."

Mama Nancy aliinuka. Alichukua mundu akaenda kukata majani ya ng'ombe, akatuacha tumekaa karibu saa nzima chai ikipoa. Aliporudi alitua mzigo, akasimama.

"Mzee Yiamat," akasema, na neno shemeji halikuwepo tena, "mtu akifa mnatangaza, ndugu wakajua, wakalia, wakanyamaza. Hiki changu kimekufa tangu Nancy ananyonya, na hamkunitangazia. Katangaze."

Hakutusindikiza hata hadi kwenye mgomba wa kwanza. Kwa Wameru hilo halihitaji kufafanuliwa.

Jumamosi iliyopita, tarehe 27, alisoma orodha yake ya mwisho. Ile ya ndizi ilikuwa ya pili. Nilikuwa upande wa pili wa kioo, bila chai. Badala ya maneno yale tuliyoyazoea alitoa mfukoni fomu ya dawati langu, ile ya matangazo ya vifo, aliyoijaza kwa kalamu nyekundu, akaisoma kwa sauti tuliyoisikia sote:

"Nafasi ya kwanza. Gadiel Yiamat wa Moshono anasikitika kutangaza kifo cha albamu iitwayo Mlango wa Uani, ya bendi ya Majivu, kilichotokea tarehe 13 Agosti 1996 katika studio hii, kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa na nyimbo nane. Ilikuwa ya kwanza na hakuna iliyofuata. Habari ziwafikie Mama Nancy Sumari wa Akheri, Nancy popote alipo, na wote waliokuwa wakiisubiri. Msiendelee kusubiri. Mniwie radhi."

Zikafuata sekunde thelathini. Nimepokea matangazo ya vifo kwa miaka kumi na tisa, ya wazee, ya vichanga, hata la mama yangu mzazi nililiandika mwenyewe bila kukosea herufi. Hili lilinishinda. Bwana Meshack alikuwa amesimama mlangoni, na barua ya saba hakuiandika.

Jana Jumatatu asubuhi Shamsudin alinipigia simu kutoka getini, hajui afanye nini. Watu wamekuja kutoa pole. Tangazo la kifo walikuwa wamelisikia, na watu wa huku wakisikia tangazo la kifo huja. Kulikuwa na baba mmoja wa Terrat ambaye wala roki haipendi, kinamama wawili wenye kilo ya sukari, na kijana aliyekuja na gitaa mgongoni akaona haya kulitoa. Shamsudin akapanga viti vya plastiki chini ya ukuta. Mzee Yiamat alitoka, akakaa nao, hajui aweke wapi mikono yake.

Saa tano akafika Mama Nancy, amevaa kitenge cha kanisani, ameongozana na Nancy, ambaye sasa ni mwalimu na ana miaka ishirini na tisa. Watu wakampisha kama mfiwa mkuu, wakasimama wampe mkono. Aliwapita wote. Akaenda hadi mbele ya Mzee, ambaye alishainuka na kuinamisha kichwa kusubiri atakachoambiwa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, shemeji," akamwambia. "Na wewe ulifiwa. Hakuna aliyekupa pole siku ile."

Ni kweli, hakuna. Aliletewa msiba wa rafiki yake dakika chache kabla ya saa saba mchana, saa saba akasoma tangazo, saa saba na robo akajua alichokifanya, na tangu hapo alikuwa na la kuficha, na mtu mwenye la kuficha haketi kwenye viti vya wafiwa. Mzee wetu alilia pale getini, mbele ya gari la matangazo, na hakuna aliyemharakisha.

Mama Nancy amesema anazikumbuka nyimbo tatu kati ya nane, maneno na sauti. Mzee anasema yeye anazikumbuka zote, ila hana sauti ya kuimba, hilo nalithibitisha. Amealikwa Akheri Jumamosi hii, tarehe tatu Januari, saa nne asubuhi, akakae na Nancy amfundishe, wimbo mmoja baada ya mwingine.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Redio Miteremko, asante, Mzee Yiamat, kwa mlingoti, kwa mafundi tisa, kwa santuri zako na hata kwa kile kistuli cha koridoni. Ustaafu wako uwe mwema na afya yako ikutunze. Mimi nilikutania miaka kumi na tisa, na kwa hilo naomba unisamehe. Pole, Mzee. Nami nimechelewa kuisema.