Farasi yetu alikula mbegu ya mutu

Bandugu na bamama ba shirika yetu ya kanisa, munivumilie, nitasoma mu kaye hii, daftari yangu. Nilijaribu kusema bila kusoma, mara tatu, mbele ya mukaka yangu, mama ya Papa, na kila mara niliruka fasi ile mubaya. Mukaka akasema, "Umeruka tena. Andika." Donc niliandika. Sitataja jina ya mutu. Benye bako hapa banajijua.

Bengi munauliza farasi ilitoka wapi. Papa alichungaka ngombe ya patron mumoja mu milima, miaka mingi. Patron alipohama, akamuachia Papa farasi yake, wa kahawia, mupole, anaogopa bata tu. Kwetu Kalunguta tulimuitaka Jenerali. Kisha basoda bakaanza kupita mara na mara, mama yangu akasema ile jina itatuletea mambo. Tukamushusha grade. Akakuwa Kaporali, na hakukasirika.

Siku tulikimbia, Kaporali njo alibeba mukaka, na sufuria mbili mbele yake. Mi nilikuwa nashika kamba. Risasi zikalia nyuma, batu bakatawanyika mu mashamba. Kaporali akaweka pua yake ku bega langu, akaendelea kutembea. Musione ajabu kama nilimupenda.

Tukafika Bulengera. Parcelle, ile kiwanja tulipewa, ni ndogo, ukifungua mulango wa jikoni unamugonga farasi. Papa akaniambia:

"Farasi hapana mutu wa parcelle. Rafiki yangu kule Vuhovi iko na majani mpaka inalala yenyewe. Tumupelekee."

"Papa, huyu alibeba mama yako."

Papa akaiacha ile maneno. Nilijua ataiacha, njo maana nilisema vile. Mais nawaambia kweli, bandugu, mukaka haikuwa sababu. Sababu ni kwamba ku avenue batoto baliniitaka Mademoiselle wa farasi. Batu balisimama juu ya kutuangalia. Bila Kaporali nilikuwa déplacée tu, mukimbizi kama bengine, na diplôme yangu mu sachet ya plastiki.

Mwanzo nilikata majani kando ya barabara. Kiangazi kikakuja, majani ikaisha. Hapa kila fasi yenye haina nyumba iko na maharagi ao eucalyptus, na eucalyptus farasi hakuli. Mbavu zake zikaanza kuonekana. Kule chini, mu bonde, kulikuwa shamba ya viazi vitamu ya mama mumoja. Majani ilikuwa mingi, ya kijani kabisa.

Bamama munajua, mi pia nilijua: majani ya viazi njo mbegu. Unakata kamba zake, unapanda tena musimu ingine. Nilienda asubuhi, mbele misa haijaanza. Na sikukata na kisu. Kisu inaacha alama safi. Niling'oa na mukono, nikavuruga-vuruga, ili ionekane ni mbuzi. Ile njo fasi nilikuwa naruka. Leo nimeisoma.

Nilirudia siku nyingi. Kisha ikafika salongo, kazi ya wote ya siku ya posho, ni kusema Jumamosi, avenue yote tunafungua mifereji. Sikukuwa na beshi ya kuchimba, yule mama wa shamba akaniazima yake. Tukiwa kazini akamugeukia muzee mumoja, jirani.

"Tata, funga mbuzi yako. Imemaliza mbegu yangu."

"Mama, mbuzi yangu ni kilema. Itavuka huu mufereji namna gani?"

Kijana mumoja akasema, "Labda inapandaka pikipiki." Batu bakacheka sana.

Muzee hakucheka. Chef wa avenue akaenda kuangalia shamba, akarudi, akasema haya ni meno ya mbuzi, na mbuzi mu ile upande ni moja tu. Akaamua mbuzi ilale kwa yule mama mpaka muzee alipe mbegu. Muzee akaenda kuileta yeye mwenyewe. Ilikuwa inachechemea nyuma yake, na yeye anaingojea kila hatua.

Mi nilikuwa pale, mita mbili. Nikaendelea kuchota matope.

Kisha siku tatu, yule mama akaingia kwetu na kitunga. Akasema, "Nimeona farasi yenu anakonda. Majani yenye mbuzi iliniachia haitoshi kupanda. Mumupe. Na mi nilikimbiaka, wakati ya zamani, najua namna inakuwaka."

Kaporali akaingiza kichwa mu kitunga mbele haijafika chini. Alijua ile harufu.

Mukaka akaniambia nishukuru: "Sema wasingya." Nikaangalia mikono yangu, kucha zilikuwa bado na utomvu mweusi wa viazi.

"Mama, haikuwa mbuzi. Ni mimi."

Alikuwa anaangalia farasi anakula. Kisha akauliza, pole pole, "Na siku ya salongo, ulikuwa fasi gani?"

"Karibu yako, Mama. Beshi nilikuwa nashika ilikuwa yako."

Akachukua kitunga yake, bado na majani ndani, akaenda. Kaporali akamufuata mpaka kamba ikamurudisha.

Nilienda kwa muzee ile siku ile, kisha kwa chef. Na ile usiku sikupima tena kama farasi abaki ao aende: aende. Nilikuwa nimepima vibaya tangu mwanzo, na uzito niliweka juu ya muzee na mbuzi yake.

Asubuhi nikamupeleka Kaporali Vuhovi kwa miguu. Rafiki ya Papa akafungua uzio. Nikatosha kamba ku shingo yake. Nilisimama nikingojea ageuke, hata mara moja tu. Hakugeuka. Alikuwa anakula. Miezi yote ile nilisema ananipenda, kumbe alikuwa na njaa.

Nilirudi na muzigo wa kamba za viazi mu mugongo, mukamba ku kipaji ya uso. Nilipanda mimi mwenyewe shamba ya Mama, mustari kwa mustari.

Naomba kushukuru. Papa, hukusema "nilikuambiaka." Mukaka, ulinikatalia kuruka. Rafiki ya Papa wa Vuhovi, ulipokea farasi, ukanipa na mbegu. Mama, uliniletea majani wakati mi nilikuibia.

Kwa benye banapenda kitu, nawaambia moja tu: muulize nani analipa juu ya upendo wenu. Kama ni mutu mwengine, na hajui, muache mapema kuliko mimi.

Tata, mbuzi yako imerudi kwako, mais bado hujajibu salamu yangu. Uko na haki, sitakuharakisha. Siku ya posho nitafungua mufereji ya mbele ya mulango wako. Mama, kama unakubali, naomba ile beshi tena.