Kitambaa Chekundu cha Mwalimu Hinrich

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mliofundishwa udereva naye mguu wake ukiwa juu ya breki, familia imemwomba mkwe wake, Eilert, asome maisha ya marehemu, naye anasoma akijua fika kwamba marehemu angekuwa hai angemnyang'anya karatasi hii aikague kwanza.

Marehemu Hinrich Tammen alizaliwa tarehe 9 Novemba 1947 hapa Osterhamm, Frisia ya Mashariki, mtoto wa pili wa mzee Harm, mfugaji wa ng'ombe, na mama Theda, akasoma shule hapa hapa kijijini, akajifunza ufundi magari mjini Emden, na mwaka 1973 akaanza kufundisha udereva, kazi aliyoifanya hadi kustaafu mwaka 2012 bila kumwamini mwanafunzi hata mmoja. Tarehe 14 Mei 1976 alifunga ndoa na Gesche, ambaye leo ni mjane, wakajaliwa Tomma na Renko, na Eilert alipokuja kumposa Tomma, marehemu alitoka nje kwanza kutazama gari la mgeni, akarudi akasema, "Tairi la nyuma kushoto limekwisha. Na wewe mwenyewe je?"

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa kuvuta gari lililoharibika, kwamba kamba isizidi mita tano, katikati ifungwe kitambaa chekundu, taa za dharura ziwake mbele na nyuma, na gari lipelekwe kwa fundi wa karibu, si kuzungushwa nchi nzima. Sasa mshangao ni huu, kwamba Oktoba 1991 gari lake mwenyewe lilizima njiani, jirani yetu Focko Behrends akamvuta, polisi wakawasimamisha, na kitambaa hakipo! Marehemu aliapa kwamba alikifunga kwa mkono wake, lakini alitozwa faini, na msimu mzima watoto wakawa wanamzomea, "Mwalimu, kitambaa kiko wapi?"

Kesho yake baada ya faini hiyo Focko alibisha hodi, kitambaa mkononi, akasema amekikuta kimenasa kwenye ua wa miiba, na marehemu akamjibu, "Mwizi karudisha ushahidi," akafunga mlango. Tangu siku hiyo nyumba hizo mbili hazikunywa chai pamoja, na ninyi wa hapa mnajua huo ni msiba wa namna gani. Kwa desturi yetu jirani wa karibu ndiye hushika jeneza upande wa mbele, lakini marehemu aliwausia wanawe zaidi ya mara moja, "Focko asiniguse, hata nikiwa ndani ya sanduku."

Katika miaka ya mwisho moyo ulimsumbua, na tarehe 3 mwezi huu, akielekea kwa daktari, gari likamzimikia mbele ya lango la Focko, ambaye anasema alimwambia, "Panda langu, Hinrich, hilo liache hapa," naye akajibiwa, "Ulibakishe kwako? Thubutu!" Basi Focko akamvuta kwa kamba hadi kwa fundi Wiard, na hapo, baada ya kukaza breki ya mkono, marehemu akaanguka, akakata kauli, na tarehe 5 akafariki hospitalini.

Juzi Focko akaja kudai kwamba, kabla ya kamba kukazwa, marehemu alimwambia, "Siku yangu ikifika, shika mbele." Shahidi hakuna. Tomma, ambaye kwa tabia ni baba yake mtupu, alimwambia usoni, "Mzee Focko, samahani, sikuamini," akatoka moja kwa moja hadi kwa Wiard, akafungua buti la gari, na kamba ikawa bado na kitambaa chake katikati. Hakikuwa kipya. Mama Gesche alikitambua papo hapo, ni kile kile cha mwaka 1991, kilichokatwa kwenye aproni yake, upande mmoja umechanwa na miiba, na fundo, la mtu atumiaye mkono wa kushoto, lilikuwa lile la marehemu, ambalo vidole vya Focko, vilivyokakamaa kwa baridi yabisi hata vifungo vya koti hufungiwa na mkewe, haviwezi kamwe kulifunga. Marehemu alikuwa amesahau kitambaa chake nyumbani, Focko akautoa ule ushahidi aliokaa nao miaka yote, na baba akaufunga, akakaa nyuma ya usukani, akakubali kuvutwa.

Kama marehemu aliyasema kweli yale maneno, Tomma bado ana shaka, na Eilert pia. Lakini fundo halina shaka, kwa hiyo leo Focko atashika mbele, na chai baadaye itanywewa kwake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, fundi Wiard, walimu wenzake, na majirani waliopika na kufagia.

Baba, kamba tumeikagua, kitambaa kipo, na aliye mbele anaendesha polepole. Lala, usikague tena.