Mama Mita na Vigingi Sitini na Viwili

Tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, mkuu wa kitengo chetu cha biojiografia atakabidhi funguo za chumba namba saba na kustaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi usiokatika. Kwenye barua za ofisi ana jina na vyeo vyake. Sisi tunamwita Mama Mita, na yeye huitika. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa uchangamfu, nami nitajitahidi, ila niseme ukweli mapema: nimeishika kalamu hii kwa hofu, na mtaijua hofu yenyewe kabla keki haijakatwa.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita. Kazi yake iliandikwa kwa mstari mmoja tu: kuchunguza jinsi joto na mvua vinavyoamua kiumbe gani kiishi wapi. Akauchagua mlima ulio nyuma ya kituo chetu cha utafiti, akawa anaupanda mwezi wa tatu na mwezi wa kumi wa kila mwaka, akiandika kila mti, ndege na chura aliyemkuta, pamoja na mwinuko wa mahali alipomkuta. Wenzake walidhani baada ya miaka miwili atachoka. Mume wake, mwalimu wa hesabu, amezoea kusema kwamba yeye ni mume wa pili, wa kwanza ni mlima. Hata harusi ya binti yao ilisogezwa wiki mbili ili hesabu ya mwezi wa kumi ipite kwanza. Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyetoa wazo hilo, maana alimjua mama yake.

Siwezi kuliruka lile kosa lake, na ningeliruka angenikemea. Mwaka wa sita wa kazi aliona viumbe vingi viko juu kuliko alivyovikuta mwanzoni. Wakati ule alitumia kifaa cha kupimia mwinuko kinachotegemea mgandamizo wa hewa, kidude cha ukubwa wa kopo la rangi ya viatu, na kila mtu wa fani yetu anajua kwamba hali ya hewa hukidanganya. Akaamua kimeharibika. Akapunguza mita ishirini na tano kwenye kila kipimo, kwa nia safi kabisa, na akaendelea kupunguza miaka mitatu. Ndipo mpima ardhi mmoja alipokuja na vyombo vyake, akakikagua kile kidude na kukuta ni kizima. Viumbe ndivyo vilivyokuwa vimehama. Mlima ulikuwa unapata joto, vyenyewe vinaukimbilia ubaridi juu, na yeye alikuwa akivirudisha chini kwenye karatasi.

Wengi wangenyamaza. Yeye alisimama katika kikao cha wafanyakazi wote akalisoma kosa lake ukurasa kwa ukurasa. Kisha akapigilia vigingi vya chuma sitini na viwili, kimoja kila mita kumi za mwinuko, kuanzia ukingo wa mashamba hadi mwamba wa kileleni. Tangu siku hizo hakuna kifutio kilichovuka mlango wa chumba namba saba. Penseli zikitoka stoo, hukaa na wembe akavikata vile vichwa vya mpira kimoja kimoja. Ukikosea, unakata kwa mstari mmoja, na kosa libaki linasomeka. Mtunza stoo anasema amehudumia idara nyingi, ila hajapata kuona pengine ambapo penseli zinanyolewa.

Katika vitabu vyake vya kumbukumbu yumo chura mmoja mdogo, hazidi ukucha wa kidole gumba, ambaye kwa tunavyojua haishi popote ila kwenye mlima huu. Mlio wake ni kama kijiko kinachogonga glasi. Mama Mita alipoanza kazi, chura huyu alisikika kuanzia pale kilipo leo kigingi cha thelathini na nane. Mwaka nilioletwa kuwa msaidizi wake, miaka kumi na moja iliyopita, ilikuwa kuanzia cha hamsini na moja. Mwaka jana, hamsini na saba. Juu ya kigingi cha sitini na mbili hakuna mlima tena. Nilipomwuliza mara ya kwanza itakuwaje chura akifika pale, alifunga kitabu akaniambia twende tukale.

Dereva wetu, aliyempeleka mlimani miaka ishirini, anasema amemwona akipishana na nyati bila kupandisha sauti, na akitoa nyoka kwenye buti kwa kijiti huku akisimulia ada za shule zilivyopanda. Lakini mwezi wa tatu mwaka huu, asubuhi ya hesabu yake ya mwisho, alimwona akishindwa kufunga kamba za buti hilo hilo. Dereva alipiga goti akamfungia, akamwambia, "Twende tu mama, Mungu yupo."

Kwenye kila kigingi tunasimama kimya dakika kumi tukitazama saa, tunahesabu milio. Ukungu ulikuwapo, majani yameloa, kila kitu anachokipenda chura huyu. Hamsini na saba, kimya. Hamsini na nane, kimya. Tulipofika sitini moyo ulikuwa unanidunda hadi nikaogopa utaniziba masikio. Mama Mita alikuwa mbele, hageuki nyuma. Sitini na moja, kimya. Tukasimama kwenye mwamba wa kileleni, upepo unatupiga, na hapakuwa na pengine pa kupanda.

Dakika ya nane nilisikia mlio mmoja. Au nilitaka kuusikia. Mpaka leo sijui. Kitabu kilikuwa mkononi mwangu, nikaandika moja. Nilijiambia kwamba hakuna zawadi ya kustaafu itakayoipita hiyo. Muda ulipokwisha alikichukua kitabu, akatazama, akaniuliza kama nina hakika. Nikaitazama penseli. Akaniambia, bila ukali wowote, kwamba yeye aliwashusha viumbe miaka mitatu kwa sababu aliogopa kuamini alichokiona, na hataki mimi nimpandishe chura kwa kuogopa kile nisichokisikia. Nikaikata ile moja, nikaandika sifuri, naye akatia sahihi pembeni. Halafu akaketi juu ya mwamba akalia, nami nikalia naye.

Kwa taratibu alizotuwekea mwenyewe, sifuri moja haitoshi. Ni lazima zifuatane tatu ndipo tuandike kwamba kiumbe hakipo tena. Hesabu ijayo ni mwezi wa kumi, na yeye hatakuwapo. Nimekabidhiwa kitengo, vitabu sitini na vinane, na mlima. Wenzangu wananipongeza kwenye korido, nami nawashukuru. Naogopa nitafika kule juu nikasikia kisichokuwapo. Naogopa zaidi kwamba kitakuwapo kweli, nami nisijiamini.

Mama Mita, kwa niaba ya kituo kizima, kuanzia ofisi ya mkurugenzi hadi getini, asante. Umetufundisha kazi, ukatufundisha na kukosea mbele za watu. Tunakuombea afya, magoti yasiyouma na asubuhi ndefu zisizo na safari. Uliniomba kwamba siku hiyo ya mwezi wa kumi nisikupigie simu, kwa kuwa unataka kuambiwa uso kwa uso. Nitashuka na kuja kwako moja kwa moja, na matope yangu. Ukisikia hodi, fungua mwenyewe. Nitakuambia nilichosikia, hata kama ni kimya tu.